Marehemu Kefa Chidawali, Fundi wa Giaboksi za Landrova

Wachungaji wetu, ndugu wafiwa, majirani wa Mkonze, mafundi mliofanya kazi na marehemu, nanyi mliotoka Mvumi na Kondoa kuja kutusitiri, familia imenituma mimi, Marko, mtoto wa mdogo wake, niwasomee maisha ya mzee wetu, na kabla sijaanza niseme kwamba sehemu kubwa ya haya aliyasimulia mwenyewe kwa binti yake Violeth, akaagiza yasomwe siku ya kumzika bila kupunguzwa neno, nasi tumetii.

Marehemu Kefa Ndahani Chidawali alizaliwa tarehe 14 Machi 1940 kijijini Mvumi, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Ndahani Chidawali na Mama Damari, wakulima wa uwele na wafugaji, na tangu utotoni alijulikana kwa kupenda kukaa peke yake na kitu mkononi, kufuli bovu, saa iliyosimama, kengele ya ng'ombe iliyopoteza ulimi, akikifungua na kukifunga mpaka jua linazama, huku wenzake wakimwita na yeye akijibu "nakuja" bila kwenda.

Alianza masomo mwaka 1949 katika shule ya misheni karibu na kwao, akamaliza darasa la nane mwaka 1956, na baada ya njaa ya mwaka uliofuata, mwanzoni mwa 1958, alikuja mjini Dodoma kwa miguu, akapata kibarua katika gereji moja jirani na reli, ambako kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, hata siku walipomruhusu kushika spana alikuwa tayari anajua kila chuma kinakaa wapi, kwa kuwa alikwisha kukiosha mara mia.

Tarehe 1 Julai 1963 aliajiriwa katika karakana moja ya serikali hapa mjini, mwaka 1967 akapelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya miezi sita, mwaka 1970 akafaulu jaribio la ufundi daraja la kwanza, na kutoka hapo akawa ndiye fundi wa giaboksi, maana gari likiletwa linalalamika aliweka ncha ya bisibisi juu ya giaboksi na mpini wake sikioni, akasikiliza kama daktari, halafu akasema ni beringi au ni meno, na wakifungua wanakuta ni hivyo hivyo.

Tarehe 7 Septemba 1968 alifunga ndoa kanisani Mvumi na Bi. Loisi Mbijima, wakajaliwa watoto wanne, wawili kati yao wakatangulia mbele ya haki wakiwa wachanga, na waliobaki ni Violeth, aliyezaliwa mwaka 1971, na Joel, aliyezaliwa mwaka 1976.

Katika karakana ile marehemu alikuwa na rafiki mmoja, naye alikuwa mmoja tu, dereva aliyeitwa Octavian, mwenyeji wa Iringa, mtu wa maneno mengi na kicheko kingi, ambaye kila siku saa nne asubuhi alikuja kukaa juu ya tairi karibu na fundi, wakala mihogo pamoja, mmoja akizungumza kwa wote wawili, na mke wa Octavian, Bi. Devota, muuguzi mkunga, alikuwa akimwita marehemu shemeji, na watoto wa nyumba hizi mbili walijuana kama ndugu.

Mnamo Oktoba 1986 ililetwa Landrova ambayo gia yake ya pili ilikuwa inachomoka yenyewe, yaani dereva anaiingiza, gari linakwenda, halafu gia inarudi katikati na gari linabaki linaserereka bila kushikwa na injini, na ndugu waombolezaji wenye umri wanakumbuka hali ya spea miaka ile, ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilikuwa imeanza kutajwa lakini stoo zilikuwa bado tupu, gia mpya haikupatikana Dodoma wala Dar es Salaam, na mkuu wa karakana akataka gari litoke wiki ile ile kwa kuwa lilitakiwa kupeleka chanjo vijijini Kondoa. Marehemu alifanya kile ambacho mafundi wengi walikifanya, akayajaza kwa kuchomelea meno yaliyolika, akayachonga kwa tupa siku mbili, akaweka springi iliyokatwa kwenye mashine nyingine, kisha akaandika katika kadi ya kazi neno moja, "Limekamilika", akatia sahihi, huku moyoni akijua kwamba chuma kilichochomelewa namna ile hakina dhamana.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 22 Oktoba 1986, alimfuata Octavian getini akamwambia, "Mwenzangu, ukiwa unateremka na gia ya pili, mkono mmoja uwe juu ya gia, usiuachie hata kidogo," na Octavian akamjibu, "Na huu mwingine niwapungie watu?" akacheka, akaondoka, na saa nane mchana, katika mteremko mmoja mbele ya Kolo, kupita Kondoa mjini, gari likamshinda, breki zikaungua, likapinduka, naye akafariki pale pale akiwa peke yake na masanduku ya chanjo.

Wiki mbili baadaye watu watatu waliotumwa kuchunguza ajali walimwita marehemu, wakamuuliza kuhusu breki, akajibu kwamba breki alizikagua na zilikuwa nzima, jambo ambalo lilikuwa kweli, hawakumuuliza kuhusu gia, naye hakusema, nao wakaandika kwamba dereva aliendesha kwa uzembe, na maneno hayo yakatoka ofisini yakaingia mitaani, yakaongezwa ulevi ambao haukuwapo, yakawafuata watoto wa Octavian hadi shuleni. Na kabla ya hayo, siku ya matanga, marehemu alivaa koti, akatembea mpaka kona ya nyumba ya rafiki yake kule Chang'ombe, akasikia wanawake wanalia, akasimama hapo muda mrefu, kisha akageuka akarudi kwake, na mwili uliposafirishwa kwenda Iringa hakwenda.

Kutoka siku hiyo marehemu alijitenga na watu, ingawa watu hawakumtenga, saa nne akala nyuma ya stoo akiwa ameipa karakana mgongo, akaacha kushiriki meza ya Bwana, akakataa uzee wa kanisa alipopendekezwa, na kazi ya giaboksi akaiacha kabisa, akisema mikono imechoka, akawa anafanya breki na injini tu. Nyumbani Mama Loisi alizungumza, yeye akajibu ndiyo au hapana, watoto walijifunza kula kimya, na wageni walipungua mmoja mmoja mpaka wakaisha, na tarehe 3 Mei 1991 Mama Loisi alipofariki kwa homa ya ini, alifariki akidhani kwamba ukimya ule ulikuwa kosa lake, na hili, kama alivyomwambia Violeth, ndilo lililomuuma mzee kupita yote, kwa sababu lile la Octavian angeweza angalau kulisema kwa aliye hai.

Mwaka 1992 alihamia hapa Mkonze, katika nyumba ya vyumba viwili, mwaka huo huo Violeth akaolewa Mbeya, mwaka uliofuata Joel akaenda Geita kutafuta maisha, na tarehe 30 Juni 1994 serikali ilipopunguza wafanyakazi jina lake lilikuwa la sita katika orodha, akafunga vifaa vyake kwenye gunia, akarudi nyumbani, akawa anatengeneza baiskeli na pampu za maji uani, redio ikiwa imewashwa tangu alfajiri ili nyumba iwe na sauti ya mtu.

Jumatatu, tarehe 6 Machi 1995, alikuja mgeni uani pale, mwanamke mwenye koti la uuguzi na viatu vya matope, akasimama akasema, "Shikamoo, shemeji," na marehemu alimsimulia Violeth kwamba aliifahamu sauti kabla ya kuinua uso, na kwamba ilimchukua muda kuitikia marahaba, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwita shemeji kwa miaka zaidi ya minane. Bi. Devota alimweleza kwamba sasa ni mkuu wa zahanati ya misheni huko Kirema, juu ya milima ya Kondoa, na gari lao pekee, Landrova ya zamani, limekufa giaboksi, mvua imekata njia kwa magari mengine, wajawazito wanateremshwa kwa machela mabegani mwa wanaume, na mafundi wa Kondoa kila mmoja anasema lake, wa kwanza anataka kulichomelea kwa siku mbili, wa pili anataka kung'oa kila kitu na kuweka injini na giaboksi ya Kijapani, wa tatu anasema liuzwe chuma chakavu. Marehemu akamjibu, "Mimi giaboksi niliacha." Bi. Devota akasema, "Najua. Nimeambiwa. Lakini hakuna mwingine anayeijua," kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hakuondoka, mpaka mzee alipoingia ndani kulitoa gunia la vifaa.

Giaboksi ya Landrova ile haitolewi kwa chini, hutolewa kwa juu, kupitia ndani ya gari, baada ya kung'oa viti, sakafu na sanduku la viti, na marehemu aliifanya kazi hiyo katika banda la zahanati akisaidiwa na dereva wao, Bwana Iddy wa Kondoa, ambaye yupo hapa leo, wakaininginiza kwa mnyororo kwenye boriti, wakaifungua, wakakuta gia ya tatu imekatika meno mawili, vipande vimezunguka ndani ya oili vikatafuna gia ya pili, na beringi kuu imelegea kiasi cha kutingishika kwa kidole. Marehemu akasema hii haitengenezeki, inatakiwa giaboksi nyingine ya aina hiyo hiyo, na Jumamosi, tarehe 11 Machi, akapanda basi kwenda Dar es Salaam.

Huko alikuta mambo yamegeuka, maduka ya spea yamejaa hadi barabarani, bidhaa za kila nchi, za kweli na za bandia zikiwa zimefungwa kwa karatasi za aina moja, na kwa siku saba alizunguka na bisibisi mfukoni, kila mwenye duka akimwapia kwamba chake ni kizima, yeye akitaka kifunguliwe mbele yake, wakimfukuza, wakimwita mzee msumbufu, akilala kwenye nyumba ya wageni ambako hakumjua mtu wala hakusemeshwa na mtu, mpaka siku ya nane fundi mmoja aliyekuwa akivunja magari ya mnada na kuuza vyuma vyake akamruhusu afungue giaboksi moja, mzee akakuta meno makali kama ya mbwa kijana, akaifunga ndani ya gunia la katani, akaisafirisha kwa treni, akakaa juu yake kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na Jumatano, tarehe 22, akafika nayo Kirema juu ya trekta.

Akamkuta Bi. Devota amesimama mlangoni pa zahanati na uso uliofunga, kwa maana siku mbili kabla mama mmoja wa kijiji kile alikuwa amejifungulia njiani, kwenye machela, katika mvua, yeye akapona na mtoto akafariki, na Bi. Devota hakumpa hata pole ya safari, alisema, "Fundi wa Kondoa angelichomelea kwa siku mbili, lingefika mjini. Wewe umekaa siku kumi na moja. Nenda ukamwambie yule mama kwamba ulikuwa unachagua giaboksi." Ndipo marehemu, akiwa bado amesimama matopeni na mzigo haujashushwa, akasema, "La Octavian nililichomelea," na baada ya kulisema hilo akasema yote, tupa, springi, kadi ya kazi, watu watatu waliouliza breki, na kona ya Chang'ombe alipogeukia, na Bwana Iddy anasema mzee hakulia, alisema kama mtu anayesoma orodha ya vifaa.

Bi. Devota akasema, "Asubuhi ile Octavian aliniambia. Alikuwa anakunywa chai, akanionyesha kwa kijiko jinsi ya kuishika gia, akasema fundi wangu leo hajiamini. Nilijua gari lina kasoro, nilijua na wewe unajua. Nilikungoja, shemeji. Sikukungoja uje unieleze habari za vyuma. Nilingoja uje ukae na watu, na watu wale walipoandika uzembe, nilingoja useme neno moja. Wanangu wameitwa watoto wa mlevi." Bi. Devota hakusema amemsamehe, wala familia haitasema leo kwamba alisema, aliingia ndani kwa wagonjwa wake, mzee akalala bandani karibu na gari, na asubuhi akakuta kikombe cha chai kimewekwa juu ya matgadi, lile bati la juu ya tairi, kimefunikwa kwa kisahani, na aliyekiweka hayupo.

Kwa siku nne alifunga giaboksi ile, akabadilisha mipira yote ya kuzuia oili, springi zote na klachi, akakataa kuharakishwa, akakagua kila nati mara mbili, na Jumanne, tarehe 28 Machi 1995, alipotaka kulijaribu peke yake kwenye mteremko wa Kirema, ambao ni mrefu na una kona saba, Bi. Devota alikuja akafungua mlango, akakaa kiti cha abiria, akasema, "Twende," naye akateremka na gia ya pili, mikono yote miwili kwenye usukani, mpaka chini mtoni, gia haikutoka, injini ikilishika gari kama mtu anayemshika mtoto mkono, na walipofika chini Bi. Devota akasema, "Basi. Geuza, kuna watu wanangoja," wakapanda kurudi, na jioni hiyo hiyo gari lilimteremsha mgonjwa wa kwanza.

Mwezi wa nne mwaka huo marehemu aliandika barua kwa ofisi iliyokuwa mwajiri wake, akaeleza ukweli wa ajali ya 1986, lakini ofisi ile ilikuwa imeunganishwa na nyingine, majalada yamehamishwa, barua haikujibiwa, akaandika ya pili na ya tatu, nazo hazikujibiwa, na ndiyo sababu aliagiza kwamba isemwe hapa, mbele ya watu wengi kuliko wanaosoma barua ofisini, na mbele ya watoto wawili wa marehemu Octavian ambao wamekuja na mama yao, kwamba baba yenu hakuwa mzembe, hakuwa amelewa, alipewa gari bovu lililotiwa sahihi kuwa zima, na sahihi ile ilikuwa ya Kefa Chidawali.

Kila baada ya miezi mitatu, kwa miaka iliyofuata, alipanda basi la Kondoa kwenda kukagua oili ya gari la Kirema, akala chakula pamoja na wauguzi kwenye meza yao, kisha akarudi Mkonze kwenye redio yake, na ingekuwa vizuri tuseme kwamba upweke wake uliisha, lakini hatutasema hivyo, kwa kuwa aliyezoea kimya miaka tisa haongei kwa sababu tu ameruhusiwa, na sisi ndugu zake tulikuwa tumekwisha kuzoea kutokumtembelea. Krismasi ya mwaka 1997 Violeth alikuja kumwona, mara ya kwanza baada ya miaka minne, na siku ya pili, wakichambua mchele, mzee alianza kusimulia bila kuulizwa, akaendelea mpaka mchele ukasahaulika.

Januari 1998, katika mvua zile kubwa, alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, mwezi Julai akalazwa hospitali ya mkoa wiki tatu, ikagundulika kwamba moyo umepanuka, akapewa dawa na kurudishwa nyumbani, Septemba Bi. Devota alichukua likizo yake akaja kumuuguza siku kumi, na siku ya Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1998, kati ya alfajiri na saa moja asubuhi, marehemu alifariki kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, ameacha watoto wawili na wajukuu watatu, mmoja wao hakuwahi kumwona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa, mafundi wote wa zamani waliochimba kaburi hili tangu jana, uongozi wa zahanati ya Kirema na Bwana Iddy, na Bi. Devota, ambaye jina lake tunalitaja kwa heshima na bila kumwongezea mzigo wa maneno. Tunamshukuru jirani Filipo, ambaye asubuhi ile hakusikia redio, akaja kugonga, na Mama Ritha, aliyemletea uji miezi minne mfululizo, akakaa mpaka amalize, ijapokuwa yeye si ndugu wala hakuombwa. Violeth na Joel wameniomba niseme hili kwa sauti, kwamba uji ule walipaswa kuupika wao, kiti cha kando ya kitanda walipaswa kukikalia wao, na hawana cha kuwalipa majirani zaidi ya kukiri.

Baba yetu Kefa, kazi umeimaliza, umesema ulichotaka kusema, nasi leo tumekuja wote. Pumzika kwa amani.